Shahidi Dhidi ya Timu Yake



 

Ndugu msomaji, makala hii naiandika nikiwa na deni, na baadhi yenu mnalijua. Swali lake ni fupi: je, Muislamu anawajibika kutoa ushahidi dhidi ya watu wake mwenyewe, hata kama ushahidi huo utawaumiza wao na kuwafurahisha wasiowapenda? Kwa ulimi sote tutajibu ndiyo. Nami nilijibu ndiyo katika mtihani, nikapata alama nzuri. Nilipoulizwa nje ya chumba cha mtihani, nilifeli.

Muhula uliopita timu ya jumuiya yetu ilicheza na timu ya wanafunzi Wakristo katika mashindano ya vyama vya kampasi. Mimi nilikuwa beki wa kulia. Zilikuwa dakika za mwisho, tunaongoza bao 1 kwa bila. Mpira ulikuwa upande wa pili wa uwanja, na macho ya mwamuzi yalikuwa huko huko. Nahodha wetu akampiga kiwiko cha mdomo mshambuliaji wao. Haikuwa bahati mbaya. Alitazama kwanza mwamuzi yuko wapi, kisha akapiga. Yule kijana alianguka, akatema damu na jino moja. Mimi nilikuwa hatua nne kutoka pale.

Jioni msimamizi wa michezo alituita mmoja mmoja. Aliniuliza: uliona nini? Nikamjibu: sikuona, nilikuwa naangalia mpira. Nikatoka pale, nikaenda kuswali Magharibi nyuma ya nahodha yule yule, maana ndiye aliyeswalisha siku ile.

Lazima niseme kitu kuhusu nahodha. Nilipovuka mpaka kuja kusoma hapa Uganda nikitokea Bukoba, sikuwa na godoro wala ndoo. Ndiye aliyenipokea. Ndiye anayenigongea mlango kila Alfajiri. Sikumficha kwa kuwa ni mtu mbaya. Nilimficha kwa kuwa ni mtu mwema kwangu. Hapo ndipo lilipo tatizo lote la ushahidi, na ndiyo maana Qur'an haikutuachia jambo hili tuliamue kwa mapenzi.

Picha sita kutoka Oklahoma

Wiki ile ile darasani tulikuwa katika mlango wa ushahidi wa somo la fiqhi. Rafiki yangu anayesoma uandishi wa habari naye alikuwa anaandaa kazi kuhusu picha za magazeti. Akanionesha kwenye simu yake picha 6 zilizopigwa kwa mfululizo mwaka 1951 huko Marekani. Hakujua kilichokuwa moyoni mwangu. Nilizitazama nikahisi kama ameniona uwanjani.

Ili uzielewe picha hizo, kwanza uijue Marekani ya miaka ile. Vita Kuu ya Pili ilikwisha mwaka 1945. Sheria iliyopitishwa mwaka 1944 iliwalipia askari waliorudi vitani gharama za masomo, na vyuo vikafurika. Mwaka 1947 karibu nusu ya wanafunzi wa vyuo vya Marekani walikuwa maaskari wa zamani. Na katika miji midogo yenye chuo, siku kubwa ya wiki ilikuwa Jumamosi ya mpira. Huu si mpira wetu wa miguu. Ni ule wa Kimarekani, mpira wenye umbo la yai, unaobebwa na kurushwa kwa mikono, na wachezaji wanaruhusiwa kukabana kwa mwili. Matokeo ya timu ya chuo yalikuwa habari ya kwanza ya gazeti la mji. Muuza duka, mchungaji wa kanisa, kinyozi na mkuu wa chuo, wote walikuwa na timu moja.

Lakini si wote waliokuwa na kiti kimoja. Katika jimbo la Oklahoma sheria iliwatenga weusi na weupe hata darasani. George McLaurin, mwalimu mweusi mtu mzima, alipokubaliwa kusoma shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Oklahoma, alitengewa meza yake peke yake kando ya darasa, meza yake maktabani na meza yake mahali pa kulia. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwezi Juni 1950 kwamba jambo hilo halikubaliki. Hukumu ikatoka, lakini mioyo haibadilishwi na hukumu kwa siku moja.

Katika hali hiyo, tarehe 20 Oktoba 1951, timu ya Chuo Kikuu cha Drake, kilichoko Des Moines katika jimbo la Iowa, ilikwenda mji wa Stillwater kucheza na chuo cha Oklahoma A&M. Nyota wa Drake alikuwa kijana mweusi, Johnny Bright, mzaliwa wa Fort Wayne, Indiana. Mwaka 1949 na 1950 aliongoza taifa zima kwa idadi ya yadi alizoipatia timu yake kwa kukimbia na kurusha mpira, na mwaka ule wa 1951 alikuwa anaongoza tena. Drake walikuwa hawajafungwa hata mechi moja msimu ule.

Kabla ya mechi, habari zilikwishaenea Stillwater kwamba Bright amewekewa alama. Wanafunzi walisema waziwazi kwamba hatamaliza mechi. Haikuwa siri ya watu wawili gizani. Ilikuwa mazungumzo ya mji.

Wapiga picha wawili wa gazeti la Des Moines Register, Don Ultang na John Robinson, nao walizisikia habari hizo. Kwa kuwa walitakiwa kuwahi kurudi Des Moines ili picha ziingie katika gazeti la Jumapili, hawakuwa na muda wa kukaa hadi mwisho. Basi wakaielekeza kamera kwa Bright tangu mwanzo.

Katika dakika 7 za kwanza Bright alipigwa mara 3 hadi kupoteza fahamu, na aliyempiga ni beki mmoja wa Oklahoma A&M. Picha zinaonesha wazi: Bright amekwishamkabidhi mwenzake mpira, amesimama mbali na mchezo, mikono mitupu, anaangalia mpira unakoelekea. Yule beki hamfuati mwenye mpira. Anamfuata Bright, na anampiga usoni. Pigo moja lilimvunja taya. Baada ya pigo la kwanza Bright aliweza kurusha mpira wa yadi 61 ukazaa pointi, lakini hakudumu uwanjani. Drake walifungwa 27 kwa 14.

Jina la beki yule lipo katika vitabu. Silitaji hapa, kwa kuwa makala hii haimhusu yeye. Inawahusu waliokuwa hatua nne kutoka pale.

Waliojua, walioona, walionyamaza

Siku ya pili picha zilitoka katika gazeti la Des Moines. Gazeti la Life nalo likazichapisha, na mwaka 1952 Ultang na Robinson wakapata tuzo ya Pulitzer. Kanuni za mchezo zikaimarishwa, na kofia za wachezaji zikaanza kuwekewa kinga ya uso. Kwa hiyo ushahidi ulikuwepo, tena wa kuonekana kwa macho.

Lakini tazama kilichotokea upande wa pili. Chuo hakikumwadhibu mchezaji wake. Shirikisho la michezo ambalo vyuo vyote viwili vilikuwa wanachama wake halikuchukua hatua. Drake wakajitoa katika shirikisho hilo kwa kulalamikia dhulma, na chuo cha Bradley, ambacho hakikuguswa na lolote katika mechi ile, kikajitoa pamoja nao. Oklahoma A&M, ambacho mwaka 1957 kilibadilishwa jina kuwa Oklahoma State University, kilikaa miaka 54 bila kuomba radhi. Barua ya kuomba radhi iliandikwa na mkuu wa chuo hicho mwaka 2005, kwenda kwa mkuu wa Drake.

Johnny Bright hakuisoma. Alikwenda kucheza Kanada, akashinda Kombe la Grey mara 3 na timu ya Edmonton, akawa mwalimu na kisha mkuu wa shule katika mji huo. Alifariki mwaka 1983. Radhi ilikuja miaka 22 baada ya yeye kuondoka duniani.

Rafiki yangu alizisifu picha. Alisema: unaona nguvu ya kamera? Nikamwambia naiona, lakini nikamuuliza: kamera ile ilitoka wapi? Ilitoka Des Moines, mji wa chuo cha Bright. Ni watu wake ndio walioshuhudia kwa ajili yake. Tunawashukuru, maana bila wao pengine tukio lingeitwa ajali ya mchezo. Lakini mtu kumshuhudia wake aliyeonewa, hilo hata wasioamini Siku ya Mwisho wanalifanya. Swali gumu ni jingine. Stillwater kulikuwa na macho mangapi? Majukwaa yalikuwa na watu. Wachezaji wenzake walikuwepo, makocha walikuwepo. Miongoni mwao hapana shaka walikuwa watu wema, wenye kwenda kanisani Jumapili, wenye kuwapenda watoto wao. Ushahidi uliokosekana ni wa hawa.

Qur'an inamtaka shahidi yupi?

Katika Suratun-Nisaa, aya ya 135, Allah (s.w.) anawaamrisha walioamini wasimamishe uadilifu na wawe mashahidi kwa ajili Yake, hata kama ushahidi huo ni dhidi ya nafsi zao, wazazi wao au jamaa zao, na awe anayehusika ni tajiri au masikini. Zingatia mpangilio huo. Aya haikuanza na adui. Imeanza na nafsi, ikaja kwa wazazi, ikaja kwa jamaa. Inatuanzia pale ulimi unapokuwa mzito. Katika Suratul-Maaida, aya ya 8, tunakatazwa pia chuki yetu kwa watu fulani isitupeleke kuacha uadilifu. Basi milango miwili ya kuingilia dhulma imefungwa pamoja: mapenzi kwa wetu, na chuki kwa wasio wetu.

Na fiqhi imelijenga jambo hili kwa hekima kubwa. Jamhuri ya maulamaa hawaukubali ushahidi wa baba kwa manufaa ya mwanawe, kwa kuhofia upendeleo. Lakini ushahidi wa baba dhidi ya mwanawe, wengi wao wanaukubali. Nilipolisoma hili mara ya kwanza nilidhani ni kanuni kavu ya mahakamani. Sasa naona ni elimu ya nafsi. Anayesema kwa faida ya wake, neno lake limebebwa na mapenzi. Anayesema dhidi ya wake, kilichobaki cha kumsukuma ni ukweli. Ndiyo maana neno moja la mchezaji mmoja wa Stillwater lingekuwa na uzito ambao hata picha 6 hazikuwa nao. Picha ilitoka kwa wenzao Bright. Neno hilo lingetoka kwa wenzao aliyepiga.

Wafasiri wanataja kisa kilichohusishwa na aya za 105 hadi 113 za sura hiyo hiyo ya Nisaa. Riwaya zinatofautiana katika majina, lakini mapokezi mashuhuri yanasema mtu mmoja wa Madina, katika ukoo wa Ibn Ubayriq, aliiba deraya, kisha lawama ikaelekezwa kwa Yahudi. Jamaa za mwizi wakaenda kwa Mtume (s.a.w.) kumtetea mtu wao. Hoja yao unaweza kuifikiria, kwa kuwa ndiyo hoja ya kila zama: huyu ni wetu, ni mtu wa swala, yule si wetu, na tukimwacha wetu aadhirike, nani atatuheshimu? Wahyi ukashuka kumsafisha Yahudi na kumkemea anayewatetea wahaini. Madina ilikuwa changa, imezungukwa na maadui, na hadhi yake ilihitaji kulindwa kuliko hadhi ya jumuiya yoyote ya wanafunzi. Hata hivyo Allah hakukubali hadhi hiyo ilindwe kwa mgongo wa asiye na hatia.

Hoja nilizojitetea nazo

Sitaki nionekane kwamba jambo ni jepesi. Baada ya mechi ile nilijikusanyia hoja za kunyamaza, na si zote za kipuuzi.

Hoja ya kwanza ni sitara. Katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim, mwenye kumsitiri Muislamu, Allah atamsitiri duniani na Akhera. Je, si nilimsitiri ndugu yangu? Niliirudia hoja hii usiku mzima. Lakini nilipofungua maelezo ya maulamaa nikakuta mlango hauko wazi kama nilivyotaka. Imam Nawawi, katika sherehe yake ya Sahih Muslim, anaeleza kuwa sitara inayosifiwa ni kwa mtu asiyejulikana kwa maudhi na uharibifu, katika dhambi iliyokwisha kupita. Na sitara inahusu zaidi yaliyo baina ya mja na Mola wake. Palipo na haki ya mtu mwingine, na mwenye haki anauhitaji ushahidi wako, kunyamaza kwako si nguo unayomfunika ndugu yako. Ni nguo unayomvua mwingine. Jino lile halikuwa langu hata nilisamehe.

Hoja ya pili ni undugu. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tumnusuru ndugu yetu akiwa dhalimu au akiwa mwenye kudhulumiwa. Walipomuuliza Maswahaba namna ya kumnusuru dhalimu, akawaeleza kuwa ni kumzuia na dhulma yake. Kwa hiyo swali halikuwa kama nimsaidie nahodha. Swali lilikuwa nimsaidieje. Nilimsaidia abaki alivyo. Kama kweli nilimpenda kwa vile anavyonigongea mlango Alfajiri, nami ilinipasa kumgongea wa kwake.

Hoja ya tatu ni heshima ya jumuiya, na hii ndiyo inayotushinda wengi. Kampasi hii tuko wachache. Tunasemwa. Tukikiri kwamba nahodha wetu, anayeswalisha, alimvunja mtu jino kwa makusudi, si tutakuwa tumewapa watu cha kusema? Ndugu zangu, hii ndiyo hoja ya Stillwater. Ndiyo hoja iliyowafanya watu wema wa mji ule wanyamaze: chuo chetu, jina letu, vijana wetu. Na matokeo yake ni nini? Leo mtu akiitaja mechi ile, hakumbuki waliokuwa wema majukwaani. Anakumbuka pigo, na anakumbuka miaka 54. Walitaka kuficha doa, wakalifanya likawa ndefu kuliko umri wa mtu aliyepigwa.

Zaidi ya hayo, msimu ule ule wa 1951 kulikuwa na timu nyingine iliyotuonesha kuwa umoja wa timu hauna lazima ya kuwa umoja wa kuficha. Chuo Kikuu cha San Francisco kilishinda mechi zake zote 9. Kilistahili kualikwa katika mashindano makubwa ya mwisho wa msimu. Wachezaji wakafahamishwa kuwa mwaliko ungewezekana kama wangewaacha nyumbani wenzao wawili weusi, Ollie Matson na Burl Toler. Timu ikakataa. Hawakualikwa, na baada ya msimu ule chuo kikaifuta timu hiyo kwa sababu za fedha. Walilipa gharama. Hao pia walikuwa vijana wa miaka ishirini na kitu kama sisi, wenye kupenda ushindi kama sisi. Tofauti ni kwamba waliuliza timu ni nini. Ikiwa timu ni kombe, basi wawili waachwe. Ikiwa timu ni watu, basi kombe liachwe.

Hoja ya nne niliyojiambia ni kwamba mimi ni mmoja tu. Neno langu litabadilisha nini? Lakini katika Suratul-Baqara, aya ya 282, mashahidi wanakatazwa kukataa wanapoitwa, na aya inayofuata inaeleza kuwa anayeficha ushahidi moyo wake unaingia dhambini. Haikusema mahakama inaharibika. Imesema moyo. Msimamizi wa michezo angeweza kuipata kweli kwa njia nyingine. Moyo wangu haungeweza kupona kwa njia nyingine.

Kabla ya pigo

Kuna jambo moja katika habari ya Stillwater linalonisumbua kuliko pigo lenyewe, nalo ni yale mazungumzo ya mji. Watu walijua kabla. Siku tatu kabla ya mechi yetu, chumbani, nahodha alisema kuhusu mshambuliaji yule: huyu atajua kwamba kuna wanaume hapa. Tulicheka, nami nilicheka. Kama ningesema pale pale, akhi, tumche Allah, tucheze mpira, pengine ningepata dharau ya dakika 5 na jambo likaisha. Ushahidi unaotolewa mapema ni wa bei nafuu sana. Ukicheleweshwa unapanda bei kila siku, mpaka unafikia bei ambayo hakuna anayeweza kuilipa, kama barua inayomfikia mkuu wa chuo wakati mwenye taya yuko kaburini.

Sisemi kwamba barua ile ya 2005 haina maana. Ina maana kwa kumbukumbu, na kwa wanafunzi weusi wanaosoma chuo kile leo. Lakini sisi tunaosoma haki za waja tunajua kuwa haki ya mtu iko mikononi mwa mtu mwenyewe. Toba kwa Allah haiifuti mpaka irudishwe au asamehe mwenyewe. Chuo hakitafufuliwa Siku ya Kiyama kikiwa na jina na nembo. Watafufuliwa watu, mmoja mmoja, na kila mmoja na macho yake aliyoonea.

Niliyoyafanya

Wiki 3 baada ya mechi nilikwenda hosteli ya pili, chumba cha yule kijana. Alikuwa anafua. Nilimwambia: niliona, na nikasema sikuona, naomba unisamehe. Alinyamaza kidogo huku anakamua shati. Kisha akasema, bila hasira: "Mimi nilijua uliona, kwa sababu tuliangaliana. Umekuja kwangu, asante. Lakini yale maneno yako bado yako kwenye daftari la mwalimu."

Sikuwa na la kujibu. Nilikwenda kutafuta msamaha wa bei nafuu, naye akanionesha bei halisi. Alichohitaji ni ushahidi wangu, nami nilimpelekea machozi.

Kwanza nilikwenda kwa nahodha, nikamwambia ninachokwenda kufanya, ili asikisikie kwa wengine. Hakunipiga, hakunitukana. Aliniuliza kama nimeyafikiria matokeo. Kesho yake nikaenda kwa msimamizi wa michezo, nikafuta maneno yangu ya kwanza na kuandika ya pili. Ushindi wetu ulifutwa, nahodha akafungiwa mashindano yaliyobaki, nami nikaandikiwa onyo kwa kusema uongo. Lilikuwa onyo la haki.

Tangu hapo baadhi ya ndugu hawaitikii salamu yangu vizuri. Nawaelewa. Wahariri wa jarida hili nao walijadiliana kabla ya kukubali kuichapisha makala hii, na nawashukuru, maana wao pia ni timu hii hii.

Kuna jambo limebaki ambalo sijui nilifanyie nini. Nahodha hanisemeshi. Tunakutana msikitini, tunasimama safu moja, bega kwa bega, tunatoa salamu, anaondoka. Lakini Alfajiri mlango wangu bado unagongwa. Mara tatu, kama zamani. Nikifungua, nakuta ukumbi mtupu na sauti ya kandambili ikishuka ngazi. Namuomba Allah anisahilishie siku moja niwahi kuufungua kabla hajashuka.